Andika Hapana

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya nne ndani. Hina ya miguuni imekoza. Nimekula mara tano na jua bado halijazama. Mavyaa, mama wa mume wangu, analeta sinia, anabisha, analiweka mlangoni, anaondoka bila kutazama ndani. Supu ya kuku, mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, wali. Wanasema bi harusi akitoka fungate bila kunenepa ni aibu ya ukoo mzima. Sitawatia aibu.

Juma amelala kando yangu. Mwanya wake unaonekana hata akiwa usingizini. Nimeutazama nusu saa nzima. Nampenda. Nimeliandika hapa ili nikizeeka nilisome: nampenda, nampenda, nampenda. Anavyokunja kikoi chake baada ya kuswali. Anavyoniita Mishi, kama jina limechovywa asali.

Daftari hili nilipewa na dada yangu siku niliyoondoka kwetu Waa. Aliniambia niandike yote, hata ya kuficha. Sawa.

Nyumba yetu ni vyumba viwili vya matofali. Juma ameijenga kwa mikono yake tangu apate kazi kule kwenye mradi wa mvuke. Nyuma yetu, kimeegemea ukuta wetu, kuna chumba cha udongo cha Bibi Nimwaka, bibi yake Juma. Amekataa kuhama humo. Husema udongo una baridi, matofali yana kiburi. Na kila kitu anakisikia. Ananiita mke mwenza, kama bibi wote wanavyowatania wake wa wajukuu wao. Leo asubuhi amegonga ukuta akasema, "Mke mwenzangu, zamu yangu leo. Nitolee bwana wetu."

Nilicheka mpaka supu ikanipalia.

Jumanne, 15 Aprili

Saa nane na robo mchana. Najua kwa sababu Juma alikuwa ameivua saa yake na ilikuwa juu ya mto, mbele ya macho yangu.

Mlango ulikuwa umefungwa. Kichwa changu kilikuwa kifuani kwake, nasikiliza moyo wake unavyopiga. Mara kitanda kikatikisika. Wallahi si sisi. Kitanda chenyewe, na sakafu, na mabati. Mngurumo kama lori la kokoto linapita chini ya nyumba. Sufuria mbili zikaanguka kutoka rafuni, kawa likabingirika mpaka mlangoni. Nilihesabu mpaka sita ndipo kukatulia.

Kisha sauti ya Bibi kutoka ng'ambo ya ukuta, taratibu kabisa: "Juma, baba. Nyumba umeijenga mwenyewe. Usiibomoe mwenyewe."

Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele. Walipasuka kicheko, wengine wakakaa chini. Nilijifunika shuka gubigubi. Juma alicheka mpaka machozi. Mavyaa alipoleta sinia la jioni hakubisha, alikohoa.

Nitafia humu ndani. Sitatoka tena maishani.

Jumatano, 16 Aprili

Wameshatunga wimbo. Bwana harusi polepole, sufuria zitatuishia. Wanauimba wakitwanga. Watoto wameushika, wanauimba wakienda kisimani.

Nimeona haya. Tena nimeona fahari, na hilo silisemi popote ila hapa. Mji mzima unadhani mume wangu ni simba.

Mama Mwende, mwenye duka, mtu wa bara ambaye amekaa huku miaka mingi, alikuja kunipa mkono kupitia dirishani. Akawaambia wanawake, "Hiyo si bwana harusi. Hata kwa duka chupa za soda ziligongana." Wakamjibu kwamba ana wivu, mumewe yuko Machakos na kitanda chake kimeota utando wa buibui. Naye alicheka. Halafu akaacha kucheka na kuniangalia, kama anayesubiri nimwunge mkono.

Nikamshukuru kwa kuja, nikafunga dirisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimetoka. Nimeoshwa, nimefukizwa udi, nimevikwa leso mpya mbili. Wamenipima mkono kwa vidole wakasema nimenenepa. Alhamdulillahi.

Baada ya swala ya Ijumaa Juma alinishika mkono tukaenda mpaka pale njia inapoinuka, kunionyesha kazini kwake. Kilima, na juu yake mnara wa chuma wa kuchimbia. Nilikuwa naujua kwa mbali tu. Akanieleza. Chini sana kuna mwamba wa moto. Wanausukumia maji baridi kwa nguvu ya pampu mpaka upasuke nyufa ndogo ndogo. Maji yanapita kwenye nyufa yanachemka, yanarudi juu kama mvuke, mvuke unazungusha mtambo, unapatikana umeme. Nilimsikiliza kama redio. Mikono yake ilikuwa inacheza hewani kama maji yenyewe.

Ardhi ikipasuka hutetemeka kidogo, alisema, ndiyo maana wana sheria yao ya taa. Mhandisi aliieleza kwenye baraza kabla sijaolewa, na watu walicheka kwa sababu hapa Kikoneni hakuna taa za barabarani. Kijani ni hakuna aliyehisi kitu, waendelee. Manjano ni watu wamehisi na vyombo vimeanguka, wapunguze maji. Manjano ya pili, wazime pampu kabisa mpaka wajue kuna nini. Mashine za kupimia zipo kule kilimani, lakini hazifiki kupima huku, na ya upande wetu wa bonde bado haijaletwa. Huku mashine ni watu wenyewe. Na kazi ya Juma ni kupita nyumba kwa nyumba na fomu akiwauliza.

Mume wangu ndiye taa ya kijiji. Nilimwambia hivyo. Alifurahi mno.

Jumanne, 22 Aprili

Likizo yake imekwisha. Ameamka, amevaa shati la mradi, amechukua faili lake la buluu. Akasema ataanza na nyumba ya kwanza, ambayo ni yetu. Akasimama mlangoni akabisha kama mgeni. "Hodi. Shikamoo mama. Je, tangu siku nilipopita mara ya mwisho, umehisi ardhi ikitikisika?"

Nilikuwa nasonga ugali. Mavyaa alikuwa pale pale anakuna nazi. Bibi alikuwa kizingitini kwake anasuka ukili wa mkeka, na alishafungua kinywa.

"Vyombo vimeanguka kutoka rafuni?" Juma akaendelea, na sasa alikuwa haniangalii machoni.

Nikafikiria itakavyosomwa kule ofisini. Saa nane na robo mchana, siku ya tano ya fungate, kitanda, sufuria mbili. Wanaume wenzake wakipeana karatasi. Nikajifunika uso kwa leso.

Nikamwambia, "Andika hapana."

Akaandika. Bibi akasema, "Mwongo huyu, lakini mwongo wa heshima." Mavyaa alicheka mpaka nazi ikamponyoka.

Alhamisi, 24 Aprili

Juma amerudi amechoka na amenuna. Kila nyumba aliyopiga hodi ni kicheko. Wewe ndiwe wa kutuuliza? Si wewe uliyetutikisa? Hebu andika, bwana harusi mmoja, pigo moja. Wazee wazima. Hakuna aliyemjibu sawasawa. Akaandika hapana, hapana, hapana, kijiji kizima.

Mama Mwende peke yake alimwambia, "Andika mimi nilihisi." Juma alimwambia ndiyo moja haiwezi kusimama katikati ya hapana zote zile, ataonekana hajui kazi. Akaandika hapana na kwake.

Nilimkanda mabega. Nilimwambia yatapita. Taa ni kijani, wataongeza maji wiki ijayo.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Nimeshona mapazia ya njano. Juma ameniletea viatu kutoka Ukunda, saizi yangu hasa, bila kuuliza. Alipima unyayo wangu kwa shubiri nikiwa nimelala. Nani mwingine duniani ana mume wa namna hii?

Bibi ana kikohozi cha baridi. Nilimpelekea uji. Amesema matofali yangu yamenipa kiburi, nimetia sukari kidogo.

Jumamosi, 3 Mei

Imetikisika tena. Saa nne asubuhi, watu wote wako nje. Mbuzi walianguka kwa magoti. Dukani kwa Mama Mwende rafu nzima ilimwagika, mafuta na unga pamoja. Hakuna aliyeimba. Tulisimama tukitazamana.

Chumba cha Bibi kina ufa. Unaanzia juu ya mlango unashuka mpaka chini, mkono wangu unaingia kwa ubavu. Bibi amesema umempa dirisha.

Juma alipita nyumba zote jioni ile ile na safari hii walisema ndiyo. Amepeleka faili mbio. Wamepunguza maji.

Jumapili, 4 Mei

Wamepunguza tu. Hawakuzima.

Nimekaa tangu asubuhi na hesabu hii ndogo. Manjano ya kwanza wanapunguza. Ya pili wanazima. Kwao hii ya jana ndiyo ya kwanza. Kwangu ni ya pili. Ya kwanza iko humu daftarini, saa nane na robo, sufuria mbili.

Nimemwambia Juma. Alikuwa anajua. Nimeona usoni alikuwa anajua tangu jana. Akasema atamwambiaje mhandisi? Kwamba aliandika hapana nyumba zote kwa sababu ya nini? Nikasema mwambie tulisahau. Akasema kijiji kizima kilisahau? Akasema subiri kidogo, mashine ya upande wetu inaletwa wiki hii, ikitikisika tena itasema yenyewe.

Sikumshurutisha. Naandika hivi ili nisijidanganye baadaye. Sikumshurutisha kwa sababu nami niliona haya.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine haijaletwa. Njia ina matope, gari limerudi.

Nilimwomba Bibi ahamie kwetu, alale chumba cha mbele. Akasema yeye hawezi kulala chumba kimoja na mke mwenza, wataambiwaje watu. Nilijaribu kucheka. Sikuweza. Alinitazama akasema nina sura ya mtu aliyekula cha wenyewe.

Jumanne, 13 Mei

Bibi yuko hospitali Msambweni.

Saa tano asubuhi. Mvua. Nilikuwa bombani na ndoo. Kwanza mngurumo. Nilihesabu kama ile siku, nikapita sita, nikapita kumi. Ndoo ilianguka. Niliangalia nyumbani nikaona mapazia yangu yanapepea na hakuna upepo. Halafu nyuma ya nyumba likapanda vumbi jekundu, ndani ya mvua.

Alikuwa ndani anasuka ukili kwa sababu ya baridi. Ukuta wenye ufa ulimwangukia mzima mzima.

Juma alikuja anakimbia kutoka kilimani. Alichimba kwa mikono. Niliona kucha zake zikitoka damu. Mama Mwende alileta karai, akachimba pamoja naye. Walimtoa akiwa hai. Kwenye ngumi yake kulikuwa na ukili.

Nyumba yangu ya matofali haina hata ufa. Naichukia.

Jumatano, 14 Mei

Nyonga imevunjika na mbavu. Daktari anazungumza na mavyaa pembeni, mavyaa anaitikia kwa kichwa tu.

Sisi tulisimama kandokando ya kitanda, mimi na Juma. Bibi alifumbua macho. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, muda mrefu. Akavuta pumzi kidogo kidogo ili apate ya kutosha.

"Mke mwenzangu," alisema. "Safari hii si nyinyi."

Na akatabasamu. Alitabasamu ili tucheke.

Juma alitoka nje. Nilimkuta ameweka paji la uso kwenye ukuta wa hospitali. Sikumgusa. Sikujua kama nina haki ya kumgusa.

Ijumaa, 16 Mei

Ametutoka alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amezikwa baada ya swala ya Ijumaa. Mwezi mmoja kamili tangu waanze kuimba ule wimbo.

Jumatatu, 19 Mei

Matanga. Wanawake wamejaa uani pale pale walipokuwa wakichambua mchele. Wananipa pole, wananiambia kazi ya Mungu. Kila mmoja naitikia. Kazi ya Mungu. Neno lilikuwa langu, kalamu ya Juma. Mungu hakuniambia niseme hapana.

Juma halali kitandani. Analala mkekani chumba cha mbele. Hali mpaka mama yake amtilie tonge mkononi. Hatujasemezana tangu hospitali, ila maji haya hapa, mlango funga. Siku thelathini na tisa za ndoa. Nilikuwa nahesabu kwa furaha.

Alhamisi, 22 Mei

Imetetemeka tena kidogo. Pampu imezimwa tangu ile siku ya Jumanne, lakini imetetemeka. Mhandisi amewaambia watu kwamba maji yaliyokwisha kuingia bado yanatafuta njia chini kwa chini, yatachukua muda kutulia. Watu wanalala nje chini ya maturubai.

Mtu mmoja alimwuliza, mngezima mapema ingekuwaje? Akasema hawezi kuapa. Maji yakipungua, nguvu ya mtikisiko hupungua, kwa kawaida. Juma alikuwa amesimama karibu yake. Ameniletea maneno hayo nyumbani na kuyaweka mbele yangu kama sahani. Kwa kawaida, alisema. Kisha akaenda mkekani kwake.

Sioni tutakavyoishi. Naandika wazi. Kila akinitazama anaona leso yangu usoni. Kila nikimtazama naona kalamu.

Jumatano, 28 Mei

Kesho kuna baraza. Wakubwa wa mradi wanakuja na chifu atakuwepo. Juma ameshaona karatasi watakayosoma, ameipiga chapa mwenyewe. Inasema mtikisiko wa kwanza ulihisiwa tarehe tatu Mei, na hatua zote zilifuatwa.

Nilikwenda kulitoa daftari hili chini ya godoro. Nikaketi mkekani kando yake. Nikafungua tarehe kumi na tano Aprili nikamwekea mapajani. Alisoma. Alifika pale pa kichwa kifuani, pa moyo wake, akafunga macho.

Nikamwambia hakuna maandishi mengine ya siku ile duniani ila haya. Akajua ninachouliza. Watalisikia kila neno, mama yake, shemeji, chifu, wanaume wa mradi. Na watajua alichoandika yeye.

Alilifunga daftari akanirudishia. Akasema, "Soma wewe. Mimi sauti haitatoka."

Alhamisi, 29 Mei

Nimesoma.

Yule mkubwa alimaliza karatasi yake akauliza kama kuna mwenye neno. Nilisimama. Nikalishika daftari kwa mikono miwili. Nikasalimu. Nikasema mimi ni mke wa Juma na nina mtikisiko wa kabla ya huo. Nikasoma ukurasa mzima, tangu saa juu ya mto mpaka kikohozi cha mavyaa. Sikuruka kitu. Kitanda nilisoma. Kifua nilisoma. Nikafika kwa Bibi: nyumba umeijenga mwenyewe, usiibomoe mwenyewe.

Hakuna aliyecheka.

Nilingoja. Wanawake wale wale. Walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu. Ningetoa chochote mtu mmoja acheke.

Juma akasimama kando yangu. Alisema, "Aliniambia niandike hapana, nikaandika. Nanyi niliwaandikia hapana, na hamkusema hapana, mlicheka tu. Mama Mwende alisema ndiyo na nikaandika hapana." Akaketi. Mama Mwende alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mhandisi aliniomba daftari akapiga picha ukurasa. Aliushika kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kuvuja. Chifu akasema waandike upya, tarehe kumi na tano Aprili, saa nane na robo mchana. Kisha watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuagana.

Jumamosi, 31 Mei

Hakuna mvua. Juma alirudisha shati na faili jana. Hawakumfukuza, alirudisha mwenyewe. Tumekula pamoja asubuhi, muhogo na chai. Alinimiminia chai kabla ya kujimiminia.

Sufuria sasa zinakaa sakafuni. Rafu nimeiacha tupu.

Yuko nyuma anazoa kwa jembe udongo wa chumba cha Bibi, kidogo kidogo, anatenga fito zinazofaa. Nilikuwa natandika. Nilisimama mahali alipokuwa akigonga Bibi, nikagonga ukuta mara mbili.

Jembe likanyamaza. Nilisikia pumzi zake upande wa pili.

Kisha jembe likaendelea.